Msimamizi wa Zamu ya Asubuhi

Kitu cha kwanza nilichokichukia kwake ni jinsi alivyotembea. Mtu mkubwa vile, mabega ya kuziba mlango, viatu vizito vya kazi, na bado humsikii akija. Unapanga maboksi kwenye paleti ya mbao, unageuka kuchukua utepe, kumbe yuko nyuma yako, amekunja mikono, anakutazama. Baada ya muda anatikisa kichwa kama mtu aliyepata jibu la jambo alilokuwa akijiuliza, kisha anaondoka. Nilikuwa nikibaki na utepe mkononi, najiuliza ni jambo gani hilo.

Tulimwita Supavaiza. Jina lake lilikuwa limeshonwa kwenye shati la kazi na sote tulilijua, lakini hatukulitumia, na hapa pia sitalitumia. Alikozaliwa, wazazi wake, alisoma wapi, hayo hakuyasema nasi hatukumuuliza. Nilikaa chini yake miaka sita, kuanzia mwishoni mwa miaka ya tisini, katika ghala moja la vyombo vya nyumbani kaskazini ya Fort Worth, Texas. Mimi nilitoka Mombasa na mume wangu na watoto wawili, tukapanga Haltom City, katika apatimenti ambako nusu ya milango ilikuwa ya Wakongo na nusu iliyobaki ya watu wa kila mahali. Zamu yetu ilianza saa kumi na mbili asubuhi. Yeye alifika kabla ya watu wote, na sijawahi hata siku moja kumkuta hajafika.

Kazini alikuwa mtu wa haki. Hilo lazima niliseme mapema, kwa sababu yatakayofuata yatakufanya ulisahau, na mimi mwenyewe nimewahi kulisahau. Boksi zito halikumwangukia mwanamke mmoja siku nzima huku wengine wakibeba vikapu vya plastiki. Alizunguka na karatasi yake, akabadilisha watu kila baada ya saa mbili. Kila asubuhi alitukusanya na kutuambia maneno yale yale: "Una mgongo mmoja. Kunja magoti." Hata Wakongo waliokuwa wamefika wiki ile, wasiojua Kiingereza, walijifunza maneno hayo kabla ya kujifunza kuomba maji. Mtu akichelewa hakumfokea. Alimuuliza saa ngapi amefika, akaandika, basi. "Mimi siulizi mtu anasali wapi wala anakula nini," alipenda kusema. "Naulizia saa."

Lakini kuhusu kusali, alijua ninasali wapi. Mwezi wangu wa pili alinikuta nyuma ya paleti za bidhaa zilizorudishwa, nimetandika kipande cha kadibodi. Nilipotoa salamu nikamwona amesimama mwisho wa njia, amenipa mgongo, ameunyoosha mkono kumzuia mwenye foklifti, lile gari la kuinulia mizigo, asipite. Siku iliyofuata pale mahali palikuwa pamefagiliwa. Sikumshukuru. Nilimweleza mume wangu jioni, naye alikuwa akiendesha teksi uwanja wa ndege na amekutana na kila aina ya binadamu.

"Akufagilia kwani wewe nani kwake?" akaniuliza.

"Sijui."

"Basi wewe fanya kazi yako uje nyumbani. Mtu akupaye kitu hujakiomba, huyo ana hesabu zake."

Mama Riziki aliniona mjinga. Yeye alikuwa mwenzangu wa kupanga mizigo, mwanamke wa Uvira, Kongo, aliyepita kambi mbili kabla ya kufika Texas, na tulikaa apatimenti moja, milango kumi ikitutenga. Alikuwa akicheka kwa mwili mzima. Siku za Ijumaa alileta sombe, kisamvu chao, na wali kwenye bakuli kubwa, akatugawia wote katika chumba cha mapumziko, na Supavaiza alikuwa wa kwanza kuvuta kiti. Alikula kwa mkono, kama tulivyokula sisi. Mara ya kwanza niliona vidole vyake vinene vikifinyanga tonge nikaangalia pembeni, sijui kwa nini, kama niliyemkuta mtu akivaa nguo.

"Dada Mwanaisha, huyu muzungu ni mutu muzuri," Mama Riziki aliniambia. "Naona unamuangaliaka sawa mwizi."

"Simuamini."

"Alikukosea nini?"

Nilichokuwa nacho ni vitu vidogo. Kwenye kioo cha nyuma cha pikapu lake palikuwa na alama ya kibandiko kilichobanduliwa. Gundi imebaki, vumbi limeishika, na ukisimama vizuri unaona umbo, lakini hujui ni umbo la nini. Alikuwa akituita "watu wangu", na akizungumza kwa simu karibu na mlango wa malori alikuwa pia akisema "watu wangu", na nilikuwa na hakika kwamba wale wa kwenye simu si sisi. Jina langu alilikata likawa Aisha bila kuniuliza. Wakati wa kiangazi alileta bamia kutoka bustani yake, bamia changa na laini, akazigawa kwa mifuko, na mimi nilizipika na kuzila huku nikijiambia kwamba sitamwamini mtu huyu. Nilizipenda zile bamia. Hilo nalo liliniudhi.

Kuna siku mvua ya mawe iliponda magari yote ya maegesho, na gari la jirani aliyekuwa akinipa lifti likavunjika kioo. Supavaiza akaturudisha nyumbani, mimi na Mama Riziki, ndani ya pikapu lake. Njia nzima Mama Riziki alimhadithia kwa Kiingereza chake cha vipande vipande habari za mtoto wake Riziki aliyepata nafasi ya kwanza shuleni. Yeye alisikiliza, akauliza maswali ya maana, darasa la ngapi, anapenda somo gani. Mimi nilihesabu kona. Tulipofika nikamwambia atushushe kwenye lango la apatimenti. Mama Riziki akasema hapana, mvua, atufikishe mlangoni, akamwelekeza hadi nyuma ya jengo. "Mulango ya mbele inakwama," akamweleza. "Sisi tunapitaka nyuma, siku zote." Akamwonyesha kwa kidole. Mimi nilishuka hapo hapo kwake nikatembea hadi kwangu nikilowa.

Sasa niwaeleze wale watu wengine.

Kundi lenyewe lilikuwa na jina refu lenye neno taifa ndani yake. Sisi tuliwaita watu wa lango, kwa sababu alama yao ilikuwa lango jeusi lililofungwa. Walianza kama mchezo. Karatasi zilibandikwa kituo cha mafuta, zikisema ajira za ghala ni za waliozaliwa hapa. Kisha wakaanza kuchoma nyama Jumamosi kwenye kiwanja kando ya reli, familia zinakuja, muziki, watoto wanarukaruka juu ya majumba ya mpira yaliyojazwa hewa. Ukipita kwa gari ungedhani ni harusi. Mwaka uliofuata wanaume wao wakaanza kuvaa sare za kaki, na tukasikia wana shamba huko magharibi wanakofanya mazoezi ya bunduki. Wakapata kipindi kwenye redio ndogo. Siku moja nilikuwa foleni ya duka la vyakula, mama mmoja mzee, mpole wa sura, akaniuliza kwa upole kabisa nitarudi kwetu lini. Nikamwambia nimekuja kununua mchele.

Ndani ya ghala mambo yalibadilika kimya kimya. Wanaume wanne wa upande wa kupakia malori waliacha kula chumba kimoja na sisi. Walikaa nje juu ya mapipa hata jua la Agosti likiwachoma. Karatasi za lango zikaanza kuonekana ndani ya makabati yetu, zimesukumwa kupitia matundu ya hewa. Tulipozipeleka kwa Supavaiza alizichukua. Alizinyoosha, akazikunja mara nne, kwa unadhifu, akazitia kwenye mfuko wa shati. Nilimwona akifanya hivyo zaidi ya mara kumi. Pipa la takataka lilikuwa pale pale karibu na mguu wake.

"Unazipeleka wapi?" nilimuuliza siku moja.

Akanitazama, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza kumuuliza swali lisilohusu kazi. "Ofisini," akasema. Ofisi ilikuwa upande wa kulia. Yeye aliondoka kwenda kushoto, kwenye maegesho.

Siku hizo ndipo alipokuja na fomu. Alisema ofisi inataka anwani za sote na mtu wa kupigiwa simu mfanyakazi akiumia. Kwa kuwa wengi hawakuweza kuandika Kiingereza, aliketi mezani akatuandikia mwenyewe, mmoja mmoja. Mama Riziki alimpa kila kitu: jina la mume, watoto wangapi, mlango namba ngapi, nani yuko nyumbani saa ngapi. Alikuwa akicheka huku akijibu. Zamu yangu ilipofika nilikaa mbele yake.

"Anwani, Aisha."

"Kwa nini mwataka sasa? Miaka yote hii hamkutaka."

Kalamu ilisimama. "Ofisi imesema."

"Nani ofisini?"

Alitaja mtu, nami sikumfahamu. Niliona shingo yake imekuwa nyekundu, lakini shingo zao huwa nyekundu kwa joto tu, na ghala lile lilikuwa tanuri. Mwishowe nikampa anwani, kwa sababu nilikuwa na watoto wawili na kazi moja. Niliendelea kumtazama usoni hadi alipomaliza kuandika. Hakuinua macho.

Haukupita mwezi. Ilikuwa Jumapili mchana. Mama Riziki alikuwa kanisani na watoto. Mumewe alibaki nyumbani kwa homa. Wanaume watatu walikuja wakagonga. Hawakugonga mlango wa mbele ambao kila mgeni angeuendea. Walizunguka jengo, wakagonga ule wa nyuma, wakamwita kwa jina lake, na yeye akafungua kwa sababu anayepita nyuma ni mtu anayewajua. Walimpiga kwa gongo la mchezo wa besiboli. Siku hiyo hiyo walikwenda nyumba nyingine mbili za Haltom City, zote za watu wa zamu yetu. Kwangu hawakuja. Mlango wangu ulikuwa wa kumi kutoka pale, na nilikuwa jikoni nikikaanga viazi, nikasikia mayowe nikadhani ni watoto wanacheza.

Baba Riziki alipoteza jicho la kushoto. Na jicho lilipokwenda, leseni yake ya kuendesha foklifti kazini nayo ikaenda.

Niliwaambia polisi kuhusu fomu. Nilimwambia mpelelezi kuhusu mlango wa nyuma, karatasi zilizokunjwa, kibandiko kilichobanduliwa. Alikuwa kijana mstaarabu, aliandika yote. Walimwita Supavaiza mara mbili. Akasema fomu alizifikisha ofisini na zilikaa ndani ya kabati lisilofungwa, mtu yeyote angezichukua. Na ofisi ikakiri ni kweli, kabati halikuwa likifungwa. Wawili wa wale waliokuwa wakila juu ya mapipa walikamatwa, na mtu wa tatu tusiyemfahamu. Supavaiza alirudi kazini Jumatatu iliyofuata, kabla ya watu wote. "Una mgongo mmoja," akatuambia. "Kunja magoti." Mimi sikukunja kitu. Nilisimama wima nikimtazama.

Aliyenishangaza zaidi ni Mama Riziki. "Hapana, dada," alisema, tukiwa hospitalini, mumewe amelala na bandeji. "Mutu alikula kwangu miaka minne. Hawezi." Na Ijumaa aliporudi kazini alileta sombe, akampakulia Supavaiza sahani ya kwanza. Alisema hana njaa. Akasisitizwa, akala, na nilimwona akitafuna muda mrefu sana kila tonge.

Kesi ilichukua karibu miaka miwili. Watatu walifungwa, na viongozi wawili wa kundi nao wakafungwa kwa mambo ya silaha. Kisha hakimu akalipiga kundi lenyewe marufuku: wasifanye tena mazoezi ya kijeshi, wasivae ile sare, wasikusanyike wala kutumia lile jina na lile lango, shamba likafungwa. Tuliiona habari hiyo kwenye televisheni ya chumba cha mapumziko. Watu walipiga makofi. Mvietinamu mmoja mzee alilia. Supavaiza alisimama mlangoni na kikombe cha kahawa, akaangalia hadi mwisho, hadi tangazo la sabuni. Nilitafuta usoni mwake furaha au hasira, lolote kati ya hayo lingenitosha. Niliona uchovu tu. Akaizima televisheni, akasema dakika kumi zimekwisha.

Wiki tatu baadaye aliacha kazi. Hakuna kuagana, hakuna keki. Tulipewa msimamizi mwingine, mwanamke aliyepiga kelele kuanzia asubuhi hadi jioni, na unaweza kumsikia akija kutoka mbali. Nililala vizuri chini yake.

Mama Riziki na familia yake walihamia jimbo la mbali, kaskazini, kwa kaka yake. Tuliendelea kupigiana simu kila Jumapili. Sisi tulihamia Houston kwa sababu mume wangu aliingia biashara ya kusafirisha magari yaliyotumika. Mimi nikaomba kozi ya kuhudumia mashine za kusafishia damu, za wagonjwa wa figo, nikapata kazi katika kliniki moja kusini ya mji. Watu wanakaa kwenye viti kwa saa nne, mara tatu kwa wiki. Unawajua kwa mishipa yao kabla ya kuwajua kwa sura.

Miaka mitano ilikuwa imepita tangu Supavaiza aondoke ghalani alipoingizwa kwa kiti cha magurudumu. Mabega yalikuwa yameporomoka, ngozi imekuwa rangi ya majivu. Nilisoma jina kwenye karatasi, na kwamba amehamishiwa kwetu kutoka Fort Worth, kabla ya kumtazama. Nikatamani mwenzangu amchukue, lakini mwenzangu alikuwa na watu watatu tayari.

"Aisha," akasema.

"Mwanaisha."

"Mwanaisha," akarudia. Akanyoosha mkono.

Nilifunga mpira, nikatafuta mshipa, nikaingiza sindano ya kwanza, kisha ya pili. Damu yake ilipoanza kuzunguka kwenye mashine nikavuta kigoda nikakaa, jambo ambalo siwafanyii wagonjwa wengi. Yeye hakuwa na pa kwenda kwa saa nne.

"Nitakuuliza mara moja," nikamwambia. "Ile orodha ya anwani zetu ulitoa wewe?"

Alifumba macho. Nilidhani atajifanya amelala.

"Ndiyo," akasema. "Ndugu yangu alikuwa mmoja wao. Aliniambia watawaandikia barua, kuwatisha tu. Nilimwamini kwa sababu nilitaka kumwamini."

"Na mlango wa nyuma?"

"Aliniuliza. Nikamwambia."

Mashine ilikuwa ikizunguka. Miaka yote nilikuwa nimejiambia kwamba nikija kupata hakika nitapumua. Nilihisi kifua kimejaa mchanga.

"Kwangu hawakuja," nikasema.

"Jina lako nililitoa. Niliandika orodha upya nikiwa ndani ya gari, wewe nikakuacha nje."

Nikajua kwamba anangoja nimshukuru. Nilimwona akingoja.

"Kwa nini mimi?"

Alifikiri, na nadhani alikuwa hajawahi kuulizwa, hata na nafsi yake. "Kwa sababu wewe hukuniamini," akasema. "Yangekupata wewe, ungejua mara moja ni nani. Yule mama mwingine asingejua kamwe."

"Yule mama ana jina."

Alifungua mdomo. Akatafuta. Alikuwa amekula bakuli lake kila Ijumaa kwa miaka minne, ameliandika jina lake kwa mkono wake mwenyewe, mara mbili. "Yule mama wa Kongo," akasema. "Mchangamfu."

Niliinuka nikaenda chooni, nikafungua maji nikanawa uso. Kisha nikarudi, kwa sababu mashine haiachwi.

Jumapili nilimpigia Mama Riziki. Nilikuwa nimefikiria kumficha. Mume wangu alisema, "Mwambie. Yule si mtoto." Nikamwambia yote, kuanzia kiti cha magurudumu. Hakunikatiza hata mara moja, na yeye ni mtu wa kukatiza. Nilipofika mwisho nilisikia pumzi yake tu, na nyuma yake sauti ya mumewe akiuliza ni nani kwenye simu.

"Nikienda polisi, jina lako nalo litaingia," nikamwambia. "Wewe ndiye wa kusema."

"Polisi, tutaongea na Baba Riziki. Ni jicho yake." Kisha akaniuliza: "Dada. Alisema jina yangu?"

"Hapana. Hakulikumbuka."

Nilimsikia akikaa chini, kiti kikalia.

"Atarudi tena hapo kwako?"

"Kesho."

"Basi umuambie. Si Mama Riziki. Umuambie jina ile yenye baba yangu alinipa."

Jumatatu alipoletwa nilimfunga mpira, nikaingiza sindano zote mbili, nikaangalia vipimo, nikaandika. Kisha nikainama karibu na uso wake ili asikie vizuri.

"Anaitwa Faida Esperance," nikamwambia. "Sema."

Akanitazama kama asiyeelewa lugha. Nikangoja. Midomo yake ilikuwa mikavu, nikampa kipande cha barafu anyonye, kwa kuwa maji hawaruhusiwi mengi. Akalisema, vibaya, herufi zimepishana. Nikamwambia siyo hivyo. Akalisema tena. Mara ya tatu lilitoka lote, sawasawa, na machozi yakaanza kumtoka, lakini mimi nilikuwa na mgonjwa mwingine kiti cha pili ambaye mashine yake ilikuwa ikilia, nikaenda.